"Vague": neno linalozurura

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa mradi kwenye shirika dogo la kilimo hapa Dodoma. Ripoti yangu ya robo mwaka imerudi kutoka kwa mfadhili ikiwa na neno "vague" pembeni, mara nne. Kamusi niliyonayo inasema "isiyo wazi, isiyo dhahiri". Nikaiandika upya kwa Kiingereza kizuri zaidi, ikarudi na neno lilelile. Kiingereza changu ndicho kibovu, au neno hili lina maana nyingine? Halafu nimelikuta tena kwenye cheti cha hospitali cha mama yangu: "vague abdominal pain". Ina maana daktari naye alikuwa analalamikia maelezo ya mama? Na linatamkwaje? Kikaoni nilisema "vagyu", watu wakatazamana.

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na ripoti, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi.

Kiingereza chako hakina neno, na ndiyo sababu kukirekebisha hakukusaidia kitu. Kamusi nayo haikukudanganya, ila imekufikisha nusu ya safari ikakushusha. Mswahili akisikia "isiyo wazi" anawaza jambo lisiloeleweka, kwa hiyo dawa anayoikimbilia ni kueleza vizuri zaidi, kupanga maneno, kunyoosha sarufi. Sasa tazama sentensi mojawapo uliyonitumia: "Trainings were conducted to several farmers in various villages and the response was good." Yaani mafunzo yalitolewa kwa wakulima kadhaa katika vijiji mbalimbali na mwitikio ulikuwa mzuri. Kuna neno gani gumu hapo? Mtoto wa darasa la saba anaielewa. (Hiyo "conducted to" ingepaswa kuwa "conducted for", lakini niamini, siyo iliyomkera mfadhili.)

Kinachokosekana ni kingo. Wakulima kadhaa ni wanane au mia nane? Vijiji mbalimbali ni viwili vilivyopakana au vyote vya wilaya? Mwitikio mzuri ni upi: walikuja wengi, walipiga makofi, au walirudi shambani wakabadilisha walichokuwa wakifanya? Wangekuja watano wakasinzia mpaka saa ya chai, sentensi yako ingesimama. Wangekuja mia tano wakagombea viti, ingesimama vilevile. Karibu ukweli wowote unaingia humo bila kuisukuma. Kauli ya namna hiyo, inayoeleweka lakini haishikiki, ndiyo Mwingereza anaiita "vague".

Toleo lako la pili lilisema: "Comprehensive trainings were successfully delivered to numerous smallholder farmers across diverse villages and the response was highly positive." Nilicheka kidogo, unisamehe, maana kazi hiyo ya kupaka rangi nimeifanya mwenyewe miaka mingi. "Several" imevaa suti ikawa "numerous", "various" ikawa "diverse", "good" ikawa "highly positive". Kingo ziko wapi? Hazipo bado. Umeongeza maneno matatu manne na hujaongeza hata punje moja ya habari.

Tuseme daftari lako la mahudhurio lina majina 42 kutoka vijiji vitatu. Somo lilikuwa kukausha mahindi juu ya turubai badala ya kuyaanika ardhini, na mlipopita baada ya mwezi mmoja mkakuta kaya 19 zimenunua turubai. Andika hivyo hivyo: "We showed 42 farmers from three villages how to dry maize on tarpaulins instead of on bare ground. A month later, 19 households had bought one." Kiingereza hicho ni cha kidato cha pili, na hakuna mfadhili atakayeandika "vague" pembeni yake. Anaweza kuuliza kwa nini ni 19 tu, na hapo mtakuwa mmeanza kuzungumza kazi.

Nina dhana yangu kuhusu mahali sentensi zile zinakotoka, nawe utaniambia kama nimekosea. Sisi tumelelewa katika salamu. Habari za kazi? Nzuri. Habari za nyumbani? Salama. Mtu ana homa ya siku mbili na mtoto amefukuzwa shule kwa michango, lakini akiulizwa anajibu "salama", kisha baada ya dakika tano ndipo anafungua moyo. Ni adabu, wala sina ugomvi nayo. Ila ukiisoma tena sentensi yako utaona kwamba inaitikia salamu. Habari za mafunzo? Nzuri. Habari za wakulima? Wapo, wengi. Mfadhili hajui kwamba habari kamili inakuja baada ya dakika tano, na karatasi haina dakika tano.

Ofisini ndiko tulikolipeleka jambo hili mbali zaidi. Mchakato unaendelea. Suala liko mbioni. Hatua stahiki zitachukuliwa kwa wakati mwafaka. Hakuna mtu anayeshindwa kuelewa Kiswahili hicho, na hakuna anayeweza kukishika shati. Ukihamisha "mchakato unaendelea" kwenda Kiingereza unapata "the process is ongoing", sarufi safi kabisa, na kalamu nyekundu inaisubiri.

Sasa asili ya neno lenyewe, maana ndiyo inayolifanya likae kichwani. "Vague" limetoka katika Kilatini, "vagus", likapitia Kifaransa na kuingia Kiingereza katika karne ya 16. "Vagus" ni mwenye kutangatanga, asiyetulia mahali. Ndugu zake wa damu ni "vagabond" na "vagrant", ambao wote wawili kwetu ni mzururaji, na hata "extravagant", aliyetangatanga hadi akatoka nje ya mpaka, ndiyo maana leo anahesabiwa kuwa mbadhirifu. Kwa hiyo neno likiwa "vague" lichukulie kama mzururaji. Ukiliuliza linakaa wapi, linajibu "huku huku tu".

Undugu huo umewahi kufika mahakamani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni sehemu ninayoipenda. Wanasheria wa Marekani wana kanuni kwamba sheria ya jinai iliyo "vague" kupita kiasi ni batili. Katika kesi moja ya mwaka 1926, Connally dhidi ya General Construction, sheria ya jimbo la Oklahoma iliwataka wakandarasi wa kazi za serikali walipe ujira usiopungua ule "wa sasa" katika "eneo" husika, na asiyefanya hivyo ni mkosaji. Ujira wa sasa upi, iwapo mafundi wa mtaa mmoja hawalipwi sawa? Na eneo linaanzia wapi na kuishia wapi? Mahakama ya Juu ilisema sheria ambayo watu wenye akili za kawaida wanalazimika kubahatisha maana yake haiwezi kumtia mtu hatiani. Angalia: hakuna jaji aliyesema maneno hayo ni magumu. Ni maneno ya kila siku, ila hayana uzio.

Mwaka 1972 mahakama hiyohiyo ikaletewa sheria ndogo ya jiji la Jacksonville, Florida, iliyokataza uzururaji. Orodha ya wakosaji ilikuwa ndefu, na ndani yake walikuwamo wanaotembea kutoka mahali hadi mahali bila sababu halali. Majaji wakaifuta kwa kuwa "vague". Yaani sheria ya kuwakamata "vagabonds" imekufa kwa ugonjwa wa "vague". Mzururaji kamuua ndugu yake. Hata Kilatini kingecheka.

Usidhani ni mambo ya ng'ambo. Sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu, katika vifungu vya 176 na 177, inabeba maneno yaliyorithiwa kutoka sheria ya uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824, na wamachinga na dada zetu wa usiku wanavifahamu vifungu hivyo kuliko mawakili wengi. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo inakaa palepale Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za namna hiyo barani haziendani na Mkataba wa Afrika. Moja ya hoja ilikuwa kwamba maneno yake ni mapana mno: raia hajui ni lipi hasa analokatazwa, na askari anabaki na uhuru wa kuamua leo nani ni mzururaji. Kenya nako, mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano kilichokuwa kikiwatia watu ndani kwa ujumbe wa kuleta, pamoja na mengine, "wasiwasi usio wa lazima". Wasiwasi wa nani? Nani anaupima, na kwa kipimo kipi?

Kwa hiyo mfadhili wako na majaji hawa wanalia kilio kimoja.

Nikutahadharishe sasa na neno moja la Kiswahili ambalo litakuvuta: utata. Limeniponza. Niliwahi kutafsiri muhtasari wa kikao ambamo mjumbe mmoja alisema pendekezo la bajeti ni "vague". Nikaandika "lina utata". Kikao kilichofuata walitumia karibu nusu saa wakitafuta maana mbili za pendekezo lile, kila mtu na tafsiri yake, na mwingine akadhani pendekezo limezua ugomvi, kwa kuwa "utata" siku hizi hubeba na hiyo maana. Mjumbe aliyelisema neno lenyewe alikuwa ametaka tarakimu tu. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo "utata" nimelitengea "ambiguous" peke yake.

"Ambiguous" ni kauli yenye maana mbili au zaidi, kila moja ikiwa na kingo zake nzuri, nawe hujui msemaji kakusudia ipi. Shangazi akikutuma "ninunulie mbuzi", anaweza kuwa anataka mnyama wa kuchinja au kibao cha kukunia nazi. Zote ni maana kamili. Huwezi kurudi na kitu cha katikati, nusu mnyama nusu kibao. Swali moja linamaliza kazi: mbuzi yupi, shangazi? Lakini akikutuma "niletee kitu cha kulakula", huko hakuna maana mbili, kuna bahari. Korosho ni sawa, muhogo ni sawa, pengine hata mkate. Hiyo ndiyo "vague". Ukitaka kujua uko kwenye ipi, jaribu kuhesabu: maana zikihesabika ni utata, ukihesabu mpaka ukachoka, umeshaingia kwenye uzururaji.

Jirani mwingine ni "obscure", ambalo asili yake ni giza. Kilicho "obscure" kimefichika au hakijulikani na wengi, lakini ndani ya giza lake kinaweza kuwa na makali kama wembe. Sisi tuna mfano ambao Waingereza hawana: kanga. Mama anapita mbele ya nyumba ya jirani amejifunga "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Mgeni anasoma, anaona methali, anaendelea na safari yake. Jirani anasoma na chakula hakishuki. Fumbo limefungwa kwa kila mtu isipokuwa mlengwa, na kwa mlengwa halina hata tone la uvagu, kama utaniruhusu nilibatize hivyo mara moja tu. Ndiyo maana nakasirika ninapoona watu wanaandika kwamba Waswahili wanapenda lugha "vague" kwa sababu ya mafumbo. Mfumbaji mzuri ni mlenga shabaha. "Murky" ni maji yaliyotibuka, "blurred" ni picha iliyopigwa mkono ukitikisika. Hayo mawili hayatakusumbua.

Turudi kwenye kingo, kwa sababu kuna swali ambalo pengine umeshaanza kujiuliza: je, kila neno lisilo na namba ni kosa? Hapana, na haiwezekani liwe. Nenda sokoni. Nyanya zimepangwa mafungu, fungu elfu moja. Fungu ni nyanya ngapi? Leo tano, kesho nne, msimu wa mvua saba. Ukiondoa moja bado ni fungu. Ukiondoa nyingine, muuzaji anakuambia bado fungu hilo, mama. Wapi hasa linakoma kuwa fungu? Eubulides wa Mileto, mwanafalsafa Mgiriki wa karne ya 4 K.K., anatajwa kuwa ndiye aliyelianzisha fumbo hili kwa lundo la punje: ukitoa punje moja moja, lundo linaacha kuwa lundo kwenye punje ya ngapi? Walimuunganisha pia na mwenye upara, na idadi ya nywele. Bertrand Russell, mwanafalsafa Mwingereza, aliandika makala juu ya jambo hili mwaka 1923 na kufika kwamba lugha yote, kwa kiwango hiki au kile, ni "vague". Refu, kijana, karibu, tajiri, moto. Hakuna mwenye rula.

Na kuna aliyegeuza kasoro hiyo kuwa mtaji. Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku, Azabajani, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Berkeley kule Marekani, alichapisha mwaka 1965 hisabati ambayo ndani yake kitu kinaweza kuwa "cha moto" kwa kiasi, robo au nusu, badala ya ndiyo na hapana. Treni ya chini ya ardhi ya Sendai, Japani, iliyoanza kazi mwaka 1987, ilitumia hesabu za aina hiyo kuongeza na kupunguza mwendo taratibu. Kwa hiyo neno kukosa kingo siyo dhambi. Ni swali la nani anaumia. Kwenye fungu la nyanya wewe na muuzaji mnaona kwa macho, mnapatana, mnaachana salama. Kwenye gunia la viazi mambo hugeuka. "Gunia" bila kilo ni neno linalotanuka, na wachuuzi wanajua kulitanua: wanashonea kofia juu, linakuwa lumbesa, na mkulima analipwa bei ya gunia moja kwa mzigo wa gunia na nusu. Kenya waliliwekea uzio kwenye kanuni za viazi za mwaka 2019: gunia lisizidi kilo 50. Ripoti ya mradi iko upande huo wa gunia, maana anayesoma hayupo shambani aone kwa macho.

Sasa cheti cha mama. Tulia, daktari hakumlaumu mtu. "Vague abdominal pain" ni maumivu ya tumbo ambayo mgonjwa hawezi kuyanyooshea kidole. Ukimuuliza panauma wapi, anapitisha kiganja kizima juu ya tumbo na kusema "humu humu". Ogani za ndani ya tumbo zina mishipa michache ya kutoa taarifa kuliko ngozi, kwa hiyo ubongo unapata habari kwamba kuna shida bila anwani kamili. Kidole tumbo chenyewe mara nyingi huanza hivyo, maumivu yasiyotulia maeneo ya kitovu, ndipo baadaye yanahamia chini kulia na kupata mahali. Kwa hiyo neno lile kwenye cheti ni habari ya kitabibu kamili: daktari kaandika kwamba alipima, akauliza, na maumivu hayakuwa na makao. Kwa mgonjwa wa Kiswahili ningeliandika "maumivu ya tumbo yasiyo na mahali maalumu", na nisingethubutu kuandika "yasiyo dhahiri", kwa sababu mama akisoma atadhani anaambiwa anasingizia.

Kwa bahati tu, mwilini kuna mtu wa ukoo huohuo: neva inayoitwa "vagus". Inaanzia chini ya ubongo, inashuka shingoni, inapita kifuani kwa moyo na mapafu, inaishia tumboni, na kwa safari hiyo ndefu ndiyo ikapewa jina la mzururaji. Usiunganishe na maumivu ya mama. Wanafanana ubini tu.

Umeshaona, bila shaka, kwamba siwezi kukupa neno moja la Kiswahili. Wanafunzi wangu hawalipendi jibu hilo, lakini "vague" linabadilika kufuatana na jina linaloandamana nalo, na bahati nzuri Kiswahili kimeshatuandalia kila pahala. Mwenye "vague memory" anakumbuka kwa mbali. Mtu aliye "vaguely familiar", sura yake si ngeni. "I had a vague feeling that something was wrong" nimeliona likitafsiriwa "nilikuwa na hisia zisizo dhahiri kwamba kitu hakiko sawa", tafsiri ambayo hakuna bibi yeyote angeitoa kinywani. Bibi angesema: roho yangu ilikuwa haitulii, sijui kwa nini. "I haven't the vaguest idea" ni sina hata fununu. Jahazi linaloonekana kama "a vague shape" kwenye ukungu wa alfajiri, huoni tanga wala mlingoti, unaona kitu kikubwa cheusi tu kinasogea.

Watu wanahitaji uangalifu zaidi. "He was vague about where he had been" ina shutuma ndani yake, na hapo "alizunguka mbuyu" inafaa kabisa. Lakini "vague answer" peke yake haisemi kama mjibuji alikwepa makusudi au hakujua, kwa hiyo ukiandika "alipiga chenga" umemhukumu kabla ya kesi. Bora "hakusema bayana". Halafu kuna "she's a bit vague", ambayo Waingereza husema kwa upole kuhusu mtu ambaye akili yake iko mbali, anaacha funguo mlangoni na birika jikoni. Hapo hakuna uhusiano na majibu yake hata kidogo.

Na "vague promise" usiifanye "ahadi hewa". Ahadi hewa inaweza kuwa na kingo zote: Ijumaa, saa nne, dukani kwangu, shilingi elfu hamsini mkononi. Ikifika Ijumaa duka limefungwa. Ile ilikuwa bayana na ya uongo. Ahadi "vague" ni "tutakuona, usijali", na uzuri wake kwa mtoaji ni kwamba haina siku ya kuvunjika.

Kisarufi hakuna la kutisha. Unasema "vague about" jambo fulani. "Vaguer" na "vaguest" yapo na ni sahihi, ingawa wengi wanakwepa na kusema "more vague". Nomino ni "vagueness". Chunga tu usiandike "vogue", kwa sababu herufi moja hiyo inakupeleka kwenye fasheni, na sentensi "your report is in vogue" ingekuwa sifa ambayo hukupewa.

Matamshi: "veig", silabi moja, kama "plague". Zile "ue" za mwisho zimekaa hapo kama mapambo ya Kifaransa, hazisemi kitu. Uliposema "vagyu" nadhani walitazamana kwa sababu walisikia "wagyu", ng'ombe wa Kijapani ambaye nyama yake ni ghali kuliko bajeti nyingi za mafunzo.

Imebaki ile sentensi yako nyingine, "significant progress was made in the second month", yaani mwezi wa pili kulikuwa na maendeleo makubwa. Ile ya mafunzo nimekurekebishia kwa mfano, hii sijaigusa, kwa sababu mimi sijui mwezi wa pili kulitokea nini. Fungua daftari la ziara za shambani, uniandikie kwa Kiswahili mlichokikuta kwa macho yenu, hata kama ni turubai moja limetandikwa kwa mama mmoja. Kiingereza chake tutakipata.